Kigoma na watoto watatu, siku nne: tuwapeleke wapi?

Mama Watatu

Habarini za jioni wapendwa, na shikamooni wakubwa.

Likizo ya Juni tunakwenda Kigoma, mara ya kwanza kama familia. Mume wangu alizaliwa Ujiji, akaondoka akiwa na miaka sita, na mama yake mkubwa bado anaishi kule. Tutafikia kwake. Tunatoka Dodoma kwa treni, tutakuwa na siku nne kamili, na gari hatuna.

Watoto ni watatu. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 13, na tangu asome habari za sokwe wa Gombe hana wimbo mwingine. Wa pili binti wa miaka 9, yeye kila kitu lazima ajue kimetoka wapi. Mdogo ana miaka 4 na anakimbilia maji yoyote anayoyaona, hata ya beseni. Huyu ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu mimi ni mtu wa nchi kavu na sijui kuogelea.

Naomba msaada wa wenyeji. Gombe tutaweza na hawa watoto? Wapi wanaweza kuingia majini kwa usalama? Na jambo la mwisho ni la mume wangu: anakumbuka usiku akiwa mdogo aliona taa nyingi sana ziwani, kama kuna mji mwingine juu ya maji. Anatamani watoto wake waone hicho kitu. Bado kipo?

Asanteni sana.

Kaka wa Mwanga

Karibuni Kigoma. Gombe msiiache, mtajuta. Nendeni Kibirizi, ufukwe wa boti kaskazini kidogo ya mji, boti za abiria za kwenda kaskazini zinapita hapo hapo hifadhini. Nimekwenda mara mbili, na sokwe alipita karibu yangu nikasikia anavyohema. Hicho kitu hakielezeki.

Binti wa Fundi Mitumbwi

Mama Watatu, karibuni sana nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi, na sasa nafundisha darasa la nne hapa hapa. Kila mwaka nachukua watoto wa watu matembezini na ni lazima niwarudishe idadi ile ile. Nitaandika kirefu, kwa sababu nimeona familia nyingi zinakuja, zinamaliza siku mbili kuhangaikia Gombe, halafu zinapanda treni kurudi bila kukaa ufukweni hata jioni moja.

Nianze na hiyo Gombe tuimalize. Kaka wa Mwanga hajakosea kuhusu uzuri wake. Ila watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuingia msituni kuwafuata sokwe, na wako wote watatu wako chini ya umri huo. Msiwalaumu askari wa hifadhi. Sokwe wanashika mafua yetu na magonjwa yetu ya kifua, na wao yanawaua. Mtoto mmoja mwenye kikohozi anaweza kuwaletea msiba. Na njia zenyewe ni milima ya kushika mizizi ukipanda.

Usafiri nao uujue mapema. Gombe iko kilomita kama 16 kaskazini ya mji na haina barabara, ni boti tu. Zile boti za abiria za Kibirizi huondoka mchana na zinarudi asubuhi, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja haiwezekani mpaka mkodi boti yenu. Boti ya abiria inajaa watu, magunia, kuku, na jaketi la kuokolea maisha usilitegemee. Juni upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na ziwa linachafuka. Mimi mtoto wa miaka 4 sitampandisha.

Mwambie kijana wako ukweli kabla hajapanda treni, asije akaujulia Kibirizi. Mwambie Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe 14 Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, na sokwe walimkimbia kwa miezi. Alikuwa anakaa juu ya kilima na darubini yake, siku baada ya siku, mpaka wakamzoea. Kazi yake yote ilianza kwa kusubiri. Kijana wako naye ana miaka miwili ya kusubiri, na mkimwahidi leo, mtimize.

Sasa ziwa. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ya huyo wa miaka 4.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, la pili duniani baada ya Baikal. Ni bonde la ufa lililojaa maji. Maana yake kwa mzazi ni kwamba sehemu nyingi ufukwe hauteremki polepole kama baharini. Mtoto anapiga hatua nne maji yako magotini, ya tano yamefika kifuani. Na maji ni meupe, unaona kokoto na samaki chini kama viko kwenye bilauri, kwa hiyo jicho linakudanganya kina ni kifupi.

La pili ni upepo. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukisimama ufukweni unaona maji yametulia kama mafuta kwenye sahani, unasema leo ni salama. Miaka michache iliyopita mpwa wangu, miaka saba, alikalia tyubu ya gari asubuhi ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nakunja kanga. Nilikunja moja, nikakunja ya pili, nilipoinua macho mtoto alikuwa mbali kama urefu wa uwanja wa mpira, na anazidi kwenda. Hakuwa analia. Alikuwa ananipungia mkono kwa furaha. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu akaingia kwenye mtumbwi wake akamfuata kwa kasia. Alipomrudisha, mtoto nywele zilikuwa kavu, hata tone halikumgusa kichwani, na akaniuliza kama anaweza kurudia. Nilikaa mchangani miguu haina nguvu.

Kwa hiyo: tyubu na maboya ya kuchezea acheni Dodoma. Mdogo aingie maji yasiyopita magoti yake, na mtu mzima awe upande wa ziwani, siyo upande wa mchangani. Watu wengi wanasimama nchi kavu na kuangalia. Wewe simama majini, mtoto awe kati yako na ufukwe. Hapo hata kama hujui kuogelea, maji yanakufika mapajani tu na mtoto hana njia ya kukupita.

Mahali pa kuogea: nendeni ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga. Mnafika kwa bajaji, mnalipa kiingilio, mnashuka chini kwenye mchanga. Ni vighuba vidogo vilivyozungukwa na mawe na miti, siyo ufukwe mrefu ambao mtoto akikimbia anapotea machoni. Kwenye yale mawe ndipo walipo wale samaki wadogo wa rangi ambao Ziwa Tanganyika linasifika nao, aina zaidi ya mia mbili na wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Kama binti wa miaka 9 anaweza kutumbukiza uso majini akiwa na miwani ya kuogelea, mleteeni miwani. Wapo wanaotunza watoto wao mdomoni. Mama anafungua kinywa, vitoto vinatoka, ikitokea hatari vinarudi ndani. Wanafunzi wangu huwa hawaniamini mpaka waone. Bebeni chakula na maji ya kunywa ya kutosha, na kubalianeni na dereva wa bajaji saa ya kuwafuata, maana kupata usafiri pale jioni siyo rahisi.

Halafu Ujiji kwa miguu. Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote, na kwa kuwa mnalala Ujiji hamna nauli ya kulipa.

Anzeni asubuhi kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Ndani kuna sanamu mbili za ukubwa wa mtu, Livingstone na Stanley wamevua kofia wanasalimiana, na watoto huwa wanasimama katikati yao bila kuambiwa. Nje kuna mnara na miembe ambayo inaelezwa kuwa ni vizazi vya ule mwembe wa mwaka 1871 waliokutania. Kuna kumbukumbu ya Burton na Speke pia, wapelelezi Waingereza waliofika hapa 1858. Mtembezaji atawaeleza hayo yote. Ninachokuomba wewe umweleze binti yako ni habari za Susi, mtumishi wa Livingstone. Aliyetoka mbio kwenda kumpokea Stanley siku ile alikuwa Susi, na baadaye Livingstone alipofia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, ni Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao walioukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Kila mwaka nikifika hapo darasa langu linanyamaza. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, walikuwa wanalala wapi na maiti?" Sikuwa na jibu la haraka.

Ukitoka hapo teremkeni na barabara kuelekea ziwani. Angalieni miembe mikubwa ya kando ya njia, hiyo ni alama ya misafara, njia ya pembe na ya watumwa kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Angalieni nyumba zenye baraza mbele, mtu wa pwani akija hapa anajisikia kwao. Wazee watawasalimia na kuwauliza ninyi ni wa nani. Mume wako asione haya, ataje ukoo wake. Huenda safari ikaishia kwenye baraza la mtu mnakula, na hilo lisiwaharibie ratiba, liacheni liwe ratiba.

Ufukweni kwenyewe utanusa dagaa kabla hujawaona, wakiwa wameanikwa juani. Dagaa wabichi wanang'aa kama vipande vya bati. Wakikaa juani wanakunjika mgongo na kugeuka rangi ya shaba. Akina mama wanapita katikati na kuwageuza, na wakikuona na mtoto watamwita aje kusaidia. Mwacheni asaidie.

Jambo moja la kumwandaa mume wako. Maji ya ziwa yalipanda sana miaka hii ya karibuni, yakala fukwe na nyumba za kando. Sehemu aliyochezea akiwa mdogo huenda haipo tena, au iko chini ya maji. Amwombe mama yake mkubwa amwonyeshe ilipokuwa.

Mama Watatu

Mwalimu, nimesoma mara mbili na mara ya pili nimesoma kwa sauti, mume wangu anasikiliza. Ulipofika kwenye nyumba zilizoliwa na maji alitoka nje kidogo. Asante sana.

Nina hofu moja zaidi. Dada yangu ameniambia ziwani kuna kichocho na mamba, nisithubutu kumwingiza mtoto majini. Ni kweli?

Nesi Kigoma

Hapo niruhusuni, nimefanya kazi ya uuguzi mkoa huu miaka mingi.

Kichocho kipo, dada yako hajakutisha bure. Vimelea vyake vinakaa ndani ya konokono wadogo wa majini, na konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, hasa karibu na watu wanapofulia na kuchota. Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana hivi, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Mtoto hatasikia kitu, labda kuwashwa kidogo.

Kwa hiyo palipo na matete msiingie. Mito midogo inapoingilia ziwani msiingie. Ufukwe wa mawe na mchanga unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi, ingawa mimi sitakuapia ufukwe wowote. Mkisharudi Dodoma subirini wiki sita hadi nane, halafu wapeleke wote watano wapimwe, hata kama hakuna anayeumwa. Ikionekana, dawa ipo, ni prazikwanteli, na inatibu vizuri. Kupima mapema hakusaidii maana mayai yanakuwa bado hayajaanza kutoka.

Mamba wapo kwenye midomo ya mito na sehemu za matete, sababu nyingine ya kukaa mbali nazo. Waulizeni wavuvi wa pale pale mlipo, wao wanajua wiki hii ameonekana wapi. Na malaria msiisahau kwa kuangalia kichocho: chandarua kila usiku, na jioni ufukweni mdogo avae mikono mirefu.

Binti wa Fundi Mitumbwi

Nesi, asante. Hiyo ya saa nne mpaka saa nane ndiyo maana napendekeza kuogelea alasiri, saa tisa na nusu kuendelea. Upepo nao saa hizo unakuwa umegeuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, unamsukuma mtoto kwako. Ila siku ya mawimbi makubwa, na Juni zipo, msiingie kabisa, kaeni mchangani mjenge nyumba za mchanga.

Mkishatoka majini msikimbilie nyumbani. Jua la Kigoma linazama karibu saa moja kamili, kama nusu saa baada ya Dodoma, na linazama ndani ya ziwa, upande wa Kongo. Kiangazi ukungu wa vumbi unaificha milima ya ng'ambo, kwa hiyo unaona duara jekundu linashuka polepole mpaka maji yanalimeza. Agizieni bajaji saa moja na nusu.

Mzee wa Stesheni

Nimestaafu reli, na nimeona kwenye maelezo yote haya treni imetajwa kama kitu cha kuwafikisha tu.

Mama Watatu, mkishuka Kigoma msitoke stesheni mbio na mabegi. Geukeni mlitazame jengo. Lilijengwa na Wajerumani, reli ilifika hapa 1914, na hapo ndipo inapoishia, mbele ni maji. Mweleze kijana wako wa Gombe, maana naona atafika amenuna, kwamba reli hiyo hiyo ndiyo iliyobeba meli.

Meli yenyewe ni Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Wakaifungua kipande kipande, wakaipanga kwenye masanduku 5,000, yakaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, yakapandishwa treni. Hapa Kigoma wakaiunga upya, ikaingia majini Februari 1915. Vita ilipowaelemea mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe ili Waingereza na Wabelgiji wasiipate, lakini mafundi walizipaka mashine grisi nene kwanza, kwa sababu walitaka siku moja izinduke. Waingereza wakaiinua kutoka chini ya maji 1924. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, na imebeba watu wa ziwa hili wa vizazi vyote, nikiwemo mimi siku naoa, mke wangu nilimfuata Kasanga, kule kusini ya ziwa.

Miaka ya karibuni imekuwa nje ya safari kwa ajili ya matengenezo. Mkifika ombeni bandarini mruhusiwe kuiona, kwa adabu na bila kupiga picha kabla ya kuomba. Kama haikubaliki, zipo sehemu za juu mjini ambapo bandari yote iko chini yenu. Mtoto wa miaka 13 aliyeelezwa habari ya grisi hataondoka bila kuuliza swali. Akikuuliza usilolijua, wazee wa reli hatukosi kwenye vibanda vya chai karibu na stesheni. Aje atuulize.

Mama Watatu

Shikamoo mzee wangu. Tutaligeukia jengo, nakuahidi.

Mwalimu, bado moja, zile taa.

Binti wa Fundi Mitumbwi

Sikuisahau, nilikuwa natafuta namna ya kuisema.

Taa zile ni za wavuvi wa dagaa. Wanatoka jioni, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata taa na wavu unainuliwa kutoka chini. Zamani zilikuwa karabai, zinavuma shshsh mpaka unazisikia kutoka ufukweni usiku ukiwa kimya. Siku hizi ni taa za betri na sola, mwanga wake ni mweupe zaidi. Usiku wa giza ukisimama Ujiji unaziona zimetapakaa mpaka macho yanapoishia, na mume wako amesema sawasawa kabisa, ni mji. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, kwa sababu dagaa wanatawanyika, taa haiwavuti.

Tatizo ni Juni. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka. Kabla hamjakata tiketi mpigieni mama mkubwa awaambie hali ikoje. Kama limefungwa, usiku ziwa litakuwa jeusi, na ni heri watoto wajue kabla kuliko kukaa ufukweni wanasubiri kitu kisichokuja.

Nilipokuwa mdogo hakukuwa na kufunga, na nilidhani miezi ile itakuwa ya huzuni. Dagaa hata sokoni wanaadimika na bei inapanda, na kwa familia nyingi ni miezi migumu, msije mkashangaa mkikosa mgebuka, yule samaki wa ziwa letu, mezani. Lakini kuna kitu mtakiona ambacho miezi mingine hakionekani. Mitumbwi na maboti yamepandishwa mchangani, yamelazwa ubavu, na mafundi wako kazini kuanzia asubuhi. Hiyo ndiyo kazi ya baba yangu.

Mleteni huyo wa miaka 9 aone kalafati. Fundi anachukua pamba iliyolowekwa mafuta, anaisokota kwa kidole gumba mpaka inakuwa kama kamba nyembamba, anaiweka kwenye upenyo kati ya mbao mbili, halafu anaigongelea kwa patasi butu na nyundo. Tk, tk, tk, sauti ni kavu. Pamba ikishiba, mlio unabadilika, unakuwa mzito, na fundi anajua hapo maji hayapiti. Baba alikuwa anafunga macho akigonga. Alinifundisha kusikia tofauti hiyo nikiwa na umri wa huyo binti yako, na mpaka leo nikipita ufukweni naweza kusema ni boti gani imekaribia kwisha bila kuitazama.

Ufukweni kwetu bado yuko fundi aliyejifunza kwa baba. Ana mjukuu wa miaka mitano anayemkabidhi pamba asokote, kwa hiyo huyo mdogo wenu wa miaka 4 atapata mwenzake na kazi mbali na maji. Nikifunga shule nitakuwa huru. Mkishafika mumwambie mama mkubwa anitafute, Ujiji hatupotezani. Nguo za kuja nazo ziwe za zamani, yale mafuta hayatoki.

Mama Watatu

Mwalimu, mume wangu amempigia. Mama mkubwa anasema mwaka huu pia ziwa limefungwa, na kwamba mtoto wa fundi anamjua, walikuwa wakienda chuo cha Kurani pamoja na mama yako.

Kijana tumemwambia habari za Gombe leo baada ya chakula. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kuichukua kalenda ya ukutani. Anatimiza 15 mwezi wa Machi, miaka miwili ijayo. Ameniomba nimwandikie mzee wa stesheni kwamba ana swali: ile grisi walipata wapi ya kutosha meli nzima?